Tangi la matumbawe Kisumu: hakikisheni mwendo wa maji kabla ya kununua taa

SWALI: Mhandisi, mimi ni msimamizi wa matengenezo katika hoteli moja mtaani Milimani, Kisumu. Katika ukumbi wa mapokezi tuna tangi la maji ya bahari lenye lita 1,500, urefu wake mita 2.5 na upana sentimita 90, ambamo tunafuga matumbawe, samaki na, hadi hivi karibuni, kamba wadogo. Mwezi uliopita kamba wote walikufa usiku mmoja ilhali samaki hawakuonyesha dalili yoyote. Wiki mbili baadaye umeme ulipotea usiku kwa saa tatu, na asubuhi tukakuta samaki wawili aina ya kangaja wamekufa, wengine wakihema juu ya maji, na sakafu imelowa kwa maji yaliyofurika kutoka kwenye tangi la chini lenye pampu. Skima (kifaa kinachoondoa uchafu majini kwa povu) haitoi povu kama zamani, na matumbawe yenye mifupa yanabanduka nyama kuanzia chini na kubaki meupe. Muuzaji wa vifaa anatushauri tununue taa mpya na skima kubwa zaidi. Je, tufuate ushauri huo?

JIBU: Ndugu msimamizi, kwa sasa msinunue taa wala skima. Matatizo uliyoyaeleza yana vyanzo vitano tofauti, na hakuna hata kimoja kitakachoondolewa na taa. Fedha hizo zina kazi ya haraka zaidi, nayo ni kuhakikisha kwamba maji ya tangi lenu hayasimami hata umeme ukipotea usiku kucha.

Nianze na kangaja, kwa sababu kifo chao kinaweza kurudiwa usiku wowote. Maji ya bahari yenye nyuzijoto 26 hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya mtoni. Yakiwa pwani, usawa wa bahari, hushiba kwa takriban miligramu 6.7 katika kila lita. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 12, kwa hiyo kiwango cha juu kabisa ambacho maji yenu yanaweza kufikia ni kama miligramu 5.9. (Wenzenu wa Nakuru, walio kwenye mita 1,850, wana kama miligramu 5.4 tu.) Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikiwa watu wanaoishi karibu na bahari, na akiba ya usalama inayodhaniwa humo ninyi hamnayo. Usiku taa zikizimwa, mwani ulio ndani ya matumbawe huacha kutengeneza oksijeni, ilhali samaki, matumbawe na bakteria wa kwenye mawe wanaendelea kuitumia. Pampu zikisimama, uso wa maji unatulia, oksijeni mpya haiingii, na samaki wenye mwili mkubwa na mwendo mwingi kama kangaja ndio wanaoanza kuzidiwa.

Kinga yake si ghali ukiilinganisha na taa. Pampu mbili za mzunguko zinazotumia umeme wa betri, kila moja ikiwa na wati 20, zitahitaji wati-saa 320 kwa saa nane. Betri moja ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini kwa kuwa betri ya aina hiyo huharibika haraka ikinyonywa zaidi ya nusu, hesabu wati-saa 600 tu. Hata ukitoa zinazopotea kwenye inveta, usiku mzima umekwisha kulindwa. Elekezeni pampu hizo juu kidogo ili zivuruge uso wa maji, kwa sababu hapo ndipo hewa inapoingilia. Msiunganishe hita wala taa kwenye betri hiyo. Kama hoteli ina jenereta, bado betri ni ya lazima, kwani jenereta hukataa kuwaka usiku uleule inapohitajika na mlinzi huenda asijue kwamba tangi la samaki ni jambo la dharura. Kila mwezi, mchana, mkiwa mmesimama mbele ya tangi, zimeni swichi kuu kwa saa moja mwone kama betri inashika kazi yenyewe; betri isiyojaribiwa msiihesabu kuwa kinga.

Jaribio hilo la kuzima umeme litawaonyesha pia chanzo cha mafuriko. Pampu ya kurudishia maji ikisimama, maji ya tangi la juu hurudi chini kupitia bomba lilelile hadi mdomo wa bomba upate hewa. Eneo la uso wa tangi lenu ni mita za mraba 2.25, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 22.5. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita nne chini ya uso wa maji, lita 90 zitashuka, na tangi la chini lililojazwa karibu na ukingo haliwezi kuzipokea. Mafundi wengi hutoboa tundu dogo kwenye bomba, karibu na uso wa maji, ili livute hewa mapema na kukata mnyonyo. Tundu hilo huzibwa na mwani na konokono wadogo, na nadhani ndivyo ilivyotokea kwenu. Inueni mdomo wa bomba uwe sentimita moja tu chini ya uso, safisheni tundu kila wiki, kisha wekeni alama kwenye tangi la chini inayoonyesha kiwango ambacho maji hayapaswi kupita wakati pampu inafanya kazi. Na kwa kuwa sakafu ililowa, mwiteni fundi wa umeme ahakikishe kwamba soketi zote za tangi ziko nyuma ya swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30, na kwamba kila waya unaning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye plagi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Jambo hili lifanyeni kabla ya mengine yote, kwani linahusu uhai wa watu.

Kuhusu kamba, naomba uulize ukumbini ni lini dawa ya mbu ilipulizwa. Dawa nyingi za kupuliza zina kemikali zilizoigwa kutoka kwenye pareto, zao ambalo wakulima wa Nakuru wanalijua vyema, na kemikali hizo hushambulia mishipa ya fahamu ya wadudu. Kamba na kaa wana unasaba wa karibu na wadudu, hivyo hufa kwa kiwango kidogo sana cha sumu ambacho samaki wanaweza kukihimili kwa muda. Kifo cha kamba wote usiku mmoja, samaki wakibaki wazima, kinaonyesha ama dawa hiyo ama shaba, na shaba huingia kwa njia ya dawa za kutibu samaki au kiungo cha bomba. Kama hakuna aliyetia dawa ya samaki tangini, mimi naishuku dawa ya mbu.

Njia ambayo dawa hiyo iliingilia tangini, watu wengi hawaifikirii. Skima hufanya kazi kwa kuvuta hewa ya chumba na kuichanganya na maji kwa nguvu, masaa yote 24, na hewa ikiwa na dawa, skima inaiosha dawa hiyo na kuiacha majini. Siwezi kuwaambia watu wa Kisumu waache kujikinga na mbu. Lakini mnaweza kurefusha mpira wa kuvutia hewa hadi nje ya jengo, mahali pasipopulizwa dawa, mkifunika mdomo wake kwa wavu mwembamba ili wadudu wa ziwani wanaokuja kwa makundi wasiuzibe. Siku ya kupuliza, skima izimwe, tangi lifunikwe kwa karatasi ya plastiki, pampu za mzunguko ziendelee, na vyote virudishwe baada ya chumba kupitishwa hewa kwa saa kadhaa. Kabla ya kununua kamba wengine, badilisheni robo ya maji kwa awamu mbili na wekeni mkaa ulioamilishwa (unaonyonya sumu majini) ulio mpya.

Skima yenyewe huenda ni nzima kabisa. Mahali hewa inapokutana na maji, chumvi huganda na kuziba njia ya hewa kidogo kidogo, mpaka povu linapungua bila mtu kutambua ni siku gani lilianza kupungua. Vuteni maji matamu ya uvuguvugu kupitia mpira wa hewa mara moja kwa mwezi. Kisha fungueni pampu yake, mtoe impela (gurudumu dogo linalosukuma maji), na bila shaka mtaikuta imefunikwa na gamba jeupe la chokaa. Ilazeni pamoja na nyumba yake ndani ya siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, au maji yenye asidi ya sitriki, kwa saa chache hadi gamba lilainike, sugueni kwa mswaki laini, suuzeni, na mkague kama mhimili una mikwaruzo. Pampu zote za tangi zinahitaji huduma hii kila baada ya miezi mitatu hivi. Nunueni impela moja ya akiba kwa kila aina ya pampu mliyo nayo sasa, maana kuisubiri kutoka ng'ambo huku pampu imesimama ni kulitia tangi zima hatarini. Angalieni pia kibandiko cha kila pampu: iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, na hata mkiiwekea transfoma ya kushusha volti, umeme wetu wa hezi 50 utazungusha mota ya kawaida kwa kasi iliyopungua kwa sehemu moja ya sita.

Gamba hilo la chokaa linanileta kwenye matumbawe. Tumbawe lililopauka kwa joto huwa bado na nyama yake, ila imekuwa nyeupe au angavu kwa kupoteza mwani. Yenu yanabanduka nyama kuanzia chini, na dalili hiyo mara nyingi huashiria kwamba alkali ya maji, yaani kiasi cha kaboneti kilichomo, inapanda na kushuka. Matumbawe hujenga mifupa kwa kalisi na kaboneti. Yakikua, alkali inapungua kila siku, naye mtunzaji akiirudisha kwa dozi kubwa moja ya mwisho wa wiki, maji yanaruka ghafla, sehemu ya chokaa inaganda kwenye mota zenye joto, na matumbawe yanadhurika. Sikushauri utafute namba bora kuliko zote. Chagua kiwango kimoja kati ya dKH (kizio cha kupimia alkali) 8 na 9, kisha kishikilie. Kwa lita 1,500 za maji halisi, gramu 45 hivi za bikaboneti ya sodiamu safi huinua alkali kwa dKH moja, na hiyo moja isizidishwe kwa siku. Pimeni kwa siku tatu mfululizo, saa ileile, bila kuongeza kitu, mjue matumbawe yanatumia kiasi gani kwa siku. Halafu pampu ndogo ya kudondosha dozi igawe kiasi hicho mara nyingi usiku na mchana. Kalisi, ambayo inapaswa kuwa miligramu 400 hadi 450 kwa lita, iwekwe kwenye chombo chake na idondoshwe mahali pengine, kwani vikikutana vikiwa vizito vinaganda hapohapo. Magadi ya sokoni msiyatumie. Yana uchafu mwingi na hupandisha pH kwa ghafla. Hapa ndipo ningetumia fedha za taa baada ya betri: pampu ya dozi na vipimo vya kuaminika.

Chumvi nayo huyumba kwa namna hiyohiyo. Maji yanapokauka chumvi inabaki, kwa hiyo kinachoongezwa kila siku ni maji matamu peke yake, na tangi kama lenu, likiwa na feni za kupoza, linaweza kupoteza lita 20 kwa siku. Msiondoe feni hizo, kwa kuwa ukaukaji wa lita 20 huondoa joto la takriban kilowati-saa 13 bila mashine ya kupoza. Ila vali ya boya inayoingiza maji hayo matamu ikikwama wazi na kumimina lita 100 za ziada, chumvi itashuka kutoka gramu 35 hadi 32.8 hivi kwa kilo. Pipa la kujazia lisiwe na zaidi ya mahitaji ya siku mbili, ili hata vali ikiharibika, madhara yawe na mpaka.

Maji hayo matamu yapite kwenye mtambo wa utando wa kuchuja. Maji ya bomba ya Kisumu yanatoka ziwani na mitoni, hayana madini mengi, lakini yana klorini na mara nyingine tope, na vyote viwili huharibu utando endapo vichujio vya mbele havibadilishwi. Kumbukeni kwamba tangi la paa lililo mita kumi juu hutoa shinikizo la baa moja tu, ilhali utando unahitaji kama baa tatu au nne. Bila pampu ya kuongeza shinikizo, mtatupa maji mengi na kupata machache yasiyo safi. Wanaosoma haya wakiwa Nakuru na kutumia visima wajue kwamba maji yao yana floridi na silika nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, na silika hulisha mwani wa kahawia unaofunika vioo, kwa hiyo wao wanahitaji pia kichujio cha mwisho cha chembechembe za resini, na wakibadilishe mapema kuliko kifurushi kinavyosema.

Fanyeni haya kwa mpangilio huu: usalama wa umeme, betri, bomba la kurudishia, usafi wa pampu, halafu dozi. Msiongeze tumbawe wala samaki kwa miezi miwili. Nyama ikiendelea kubanduka baada ya hapo, niandikieni tena pamoja na vipimo vya kila siku vya alkali, joto na chumvi, saa vilipochukuliwa, na umri wa taa mlizo nazo, nasi tutalijadili suala la taa.