Kwa mnaoanza maisha nje ya nchi: ubalozi na afya yako, anza navyo mapema

Ndugu zangu mnaofika ugenini mara ya kwanza, iwe masomo au kazi, naomba tuongee kuhusu ubalozi na afya maana hivi viwili watu wanaviweka mwisho kabisa, mtu anahangaika na chumba, laini ya simu, akaunti ya benki, halafu siku mambo yakiharibika ndio anaanza kuuliza hivi ubalozi wetu uko wapi. Nimekaa nje miaka mingi na nimesindikiza wengi kwenye hizo ofisi na hospitali, na mara nyingi anayeteseka zaidi ni yule ambaye makaratasi yake hayako tayari na ubalozini hawajui hata kama yupo nchini.

Kwa hiyo ukishapata anwani tu, jiandikishe. Balozi nyingi zina fomu ya raia wanaoishi nje, siku hizi nyingine ni za onlaini, wanataka jina, namba ya pasi, simu, anwani na mtu wa kumpigia nyumbani ukipata tatizo. Wengine wanakwepa wakidhani watafuatiliwa lakini hiyo ndiyo orodha wanayoitumia kutuma taarifa kukiwa na mlipuko wa ugonjwa, mafuriko au machafuko. Na ukibadilisha namba warudie uwaambie, maana wengi waliandikisha ile laini ya wiki ya kwanza ambayo ilishakufa zamani. Kama nchi uliyopo haina ubalozi wenu, tafuta ni ubalozi wenu upi ulioko nchi jirani unaoisimamia, au kama kuna konsuli wa heshima, huyu mara nyingi ni mtu wa hapo hapo mwenye shughuli zake, anaweza kukuelekeza ila kutoa pasi kwa kawaida si kazi yake.

Sasa huduma zinabadilika, na zinabadilika ghafla. Mwaka 2020 baada ya Korona kutangazwa kuwa janga la dunia mwezi Machi, balozi nyingi zilibaki na dharura tu, za kawaida zikasimama. Aprili 2023 vita vilipoanza Khartoum, balozi kadhaa zilifunga na wafanyakazi wakaondolewa, na kuna Wasudani waliokuwa wameacha pasi zao humo wakiomba viza, pasi zikabaki ndani na nyingine zikaharibiwa, watu wakakwama vitani bila hati ya kusafiria. Hilo linaniuma mpaka leo. Pasi yako ikiingia ofisi yoyote ile, kabla hujaikabidhi skani ukurasa wa picha na kurasa za viza, jitumie kwenye imeili, na omba risiti.

Halafu jifunzeni kusoma matangazo ya ubalozi, watu wanasoma kichwa cha habari tu. Angalia tarehe kwanza, maana matangazo ya zamani yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kama mapya. Kisha angalia ni huduma ipi imeguswa, tangazo likisema huduma za pasi zimesitishwa haina maana ubalozi umefungwa, raia aliyelazwa au aliyekamatwa bado anashughulikiwa kwa namba ya dharura. Likisema kwa miadi tu, basi mlinzi wa getini hana uwezo wa kukuingiza hata kama umesafiri usiku kucha, nimeshuhudia mama na mtoto mgongoni, bahasha ya picha mkononi, mlinzi anamwonyesha karatasi iliyobandikwa getini na hakuna wa kumsikiliza. Na kumbukeni ubalozi unafunga sikukuu za nchi yenu na mara nyingi za nchi mwenyeji pia, angalia kalenda zote mbili ndio ukate tiketi. Pasi ikibakiza mwaka anza kushughulikia, kwa sababu nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 mbele, na kama wanachukua alama za vidole itabidi uende mwenyewe.

Jambo ambalo watu hawataki kuliamini ni kwamba kwa kawaida ubalozi haulipi bili ya hospitali, na hauwezi kukutoa jela. Wanachoweza ni kukutembelea, kukupa orodha ya mawakili au madaktari, kuwajulisha ndugu, kukutengenezea hati ya dharura ya kusafiria. Ukikamatwa, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mambo ya kikonsuli unakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe, ibara ya 36, kwa hiyo liseme kwa mdomo wako, waziwazi, usisubiri kuulizwa. Kuhusu bili, bima ndiyo mkombozi wako, na usiangalie bei peke yake, tafuta kama inagusa ugonjwa uliokuwa nao kabla, kusafirisha mgonjwa, na kurudisha mwili nyumbani, ndiyo, hata hilo, nimeona familia zinachangishana huku maiti imekaa mochwari wiki nzima.

Kwenye afya yenyewe, kama unatumia dawa za kila siku usizimwage kwenye vikopo vya plastiki, ziache kwenye boksi lake pamoja na barua ya daktari, na ziwe kwenye begi la mkononi, insulini hasa, maana kwenye mizigo ya chini inaweza kuganda na ikishaganda haifai tena. Kwenye boksi, chini ya jina kubwa la biashara kuna maandishi madogo, hilo ndilo jina la dawa, liandike, kwa sababu jina la kampuni ugenini halijulikani. Hata hilo jina lenyewe wakati mwingine linatofautiana, parasetamoli Marekani wanaiita acetaminophen. Na uliza kabla ya safari kama dawa inaruhusiwa, Japani kwa mfano hawaruhusu kabisa dawa zenye kichocheo kinachoitwa amphetamine hata uwe na cheti cha daktari.

Kadi ya homa ya manjano, chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, usichanje keshokutwa unasafiri. Tangu 2016 inadumu maisha yote, kwa hiyo kadi ya zamani usiitupe.

Ukipata homa ugenini na umetoka eneo lenye malaria, mwambie daktari neno hilo kabla hajauliza, kwani kule isikokuwepo anaweza kuwaza mafua tu, na malaria inaweza kukutokea wiki au hata miezi baada ya kuondoka. Usikubali kulala nayo ukisubiri kesho. Ukiumwa na mbwa osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho kuna matapeli wanapiga simu wakijifanya maofisa wa ubalozi, wanajua jina lako, wanasema pasi yako ina kesi, utume hela sasa hivi. Kata simu, chukua namba kwenye tovuti rasmi ya ubalozi, piga wewe mwenyewe uulize.