Jibu: Wino unaobadilika rangi kwa joto

Mkuu, umeuliza kama wino wa vile vikombe vinavyobadilika rangi unafaa kwa bango la nje. Achana nao. Jua linauua haraka, na vanishi haitauokoa kwa muda mrefu.

Siri yake ni vifuko vidogo mno, vya maikromita chache tu. Ndani mna rangi, asidi dhaifu na kitu kama nta. Nta ikiwa imeganda, asidi hushikana na rangi, nawe unaiona. Ikiyeyuka, zinaachana na rangi inapotea, ikipoa, inarudi. Ndiyo maana kikombe cheusi ukikimiminia kinywaji cha moto kinafichua picha iliyo chini yake.

Wino unaobadilika kwenye nyuzi joto 31 hivi za Selsiasi unaitikia joto la kidole, kwa hiyo unafaa sana kwenye tiketi na vyeti: ukisugua, alama inafifia, jambo ambalo fotokopi haiwezi kuiga. (Hapo ndipo naona thamani yake halisi, vikombe ni mbwembwe.)

Usiuchanganye na ule wa lebo za vifaa vya hospitali vinavyotakaswa kwa mvuke. Huo ukishabadilika, haurudi.

Ukichapisha, epuka viyeyusho vikali. Vifuko vikiharibika, umebaki na wino wa kawaida, tena mbovu.