Eliptiko ya bei nafuu kwa mtu mrefu: urefu wa hatua kwanza

Kwa mtu mwenye kimo cha sentimita 180 anayetafuta eliptiko, yaani mashine ya mazoezi ya kukanyaga pedali kwa mwendo wa duara refu, urefu wa hatua (umbali ambao pedali husogea mbele na nyuma) una maana kuliko uzito wa gurudumu la ndani linalolainisha mwendo, kwa sababu eliptiko nyingi za bei nafuu huishia sentimita 30 hadi 35, na hapo unakanyaga kama anayepanda ngazi huku magoti yakibanwa. Tafuta inayokaribia 45. Yangu hapa Tabora hutumia sumaku kuleta ugumu wa kukanyaga, unaokazwa kwa kitasa cha mkono, hivyo umeme ukikatika naendelea, kwani betri ndogo huwasha kioo cha vipimo tu. Hata hivyo, hakikisha kikomo cha uzito wa mtumiaji kinauzidi wako vya kutosha, na bolti za pedali zikazwe mara kwa mara.