Kuhusu kiwanja, digrii na karatasi yako ya mkesha

Mwanangu Upendo,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Machame tu wazima. Goti la baba yako linamsumbua kama kawaida, lakini anatembea.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaona jibu lake halienei kwenye simu. Umesema usiku wa mkesha wa mwaka mpya mchungaji wenu huko Dodoma aliwagawia karatasi, kila mmoja aandike malengo yake. Ukaandika kiwanja, ukaandika digrii ya pili, kisha mkono ukakuishia nguvu, kwa sababu dada aliyekaa pembeni yako hajapata kazi tangu amalize chuo. Sasa unauliza: mtu anayemshukuru Mungu kwa alichonacho, anaandikaje orodha ya vingine anavyovitaka? Si tamaa hiyo?

Wapo watakaokusomea 1 Timotheo 6:6, utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa, wakaishia hapo. Wengine watakuambia toa sadaka nono ya shukrani ili kiwanja kije. Hao wa pili ndio wananikera. Ukitoa ili upewe, hiyo ni rushwa, hata ukiitia kwenye bahasha ya kanisa.

Mimi nakupeleka kwa Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta kule Shushani, kazi ya heshima, hakukosa kitu. Habari za kubomoka kwa ukuta wa Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga, akaomba. Kwa mfalme alisema mwezi wa Nisani, kama miezi minne baadaye. Na alipoulizwa anataka nini, hakubabaika: alitaja muda wa safari, akaomba barua za kupitia kwa maliwali, na barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apate miti ya malango. Mtu hataji miti ya malango papo kwa papo kama hakuwahi kukaa akapiga hesabu. Naamini miezi ile ya maombi ilikuwa pia miezi ya kupanga.

Sasa tazama sura ya 2 mstari wa 18. Usiku ameshazunguka kuukagua ukuta, lakini hakuna jiwe lililoinuliwa. Anawakusanya watu, na anawaeleza jinsi mkono wa Mungu ulivyokuwa mwema kwake. Anashukuru kwanza, kwa sauti, kwa vilivyokwisha kutendeka; nao wanamjibu, haya, tuondoke tukajenge. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Tobia, mmoja wa waliopinga ujenzi huo, alikuwa amewacheka kwamba hata mbweha akipanda utaanguka, lakini sura ya 12 makundi mawili makubwa ya waimbaji wa shukrani yanatembea juu yake. Hapo huwa nacheka peke yangu.

Kwa hiyo geuza karatasi yako, na upande wa nyuma andika ulivyonavyo. Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anamtaja mtu atakaye kujenga mnara, anayeketi kwanza kuhesabu kama anavyo vya kuumalizia. Hesabu mshahara, afya, chumba unachokaa, na shangazi yako aliyeuza kahawa yake ukapata ada ya kidato cha tano. Ukishayaandika hayo, utajua kipi cha kutaka na cha kazi gani.

Sikukuu ya mavuno iliyopita, bibi wa pale karibu na mfereji alileta yai moja kwenye kikapu. Kwenye mnada nje ya kanisa likanunuliwa, aliyelinunua akalirudisha, likauzwa tena, na tena, mpaka likaipita bei ya mkungu wa ndizi. Bibi alikuwa anapiga vigelegele kila linaporudi. Akamwambia mzee wa kanisa, "Mwakani, Bwana akipenda, naleta tetea." Sikuona tamaa hapo. Yakobo 4:15 ndivyo anavyotufundisha kusema.

Katika kiwanja chako pia sioni tamaa. Umesema unataka mdogo wako apate pa kufikia akija kusoma, na hilo ni jema. Digrii ndiyo iliyonifanya nisite. Umeandika unaitaka kwa kuwa wenzako ofisini wanayo. Nehemia alikuwa anawajengea watu ukuta. Hiyo digrii itamjengea nani? Kama jibu lipo, iache kwenye karatasi. Kama halipo, ipumzishe mwaka huu, hakuna atakayekucheka.

Na yule dada asiye na kazi, usimwonee huruma ya kimyakimya. Mwulize yeye aliandika nini, huenda kipo unachoweza kumsaidia.

Baba yako anauliza kama hicho kiwanja kimepimwa, na muuzaji ana hati au ana maneno tu. Usitoe hata shilingi kabla hujafika ofisi ya ardhi ya jiji. Akasema pia umpigie Jumamosi jioni, siyo wakati wa taarifa ya habari.

Mama yako