Mchicha nauza, asumini siuzi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, kuna kazi ya mikono unayoifanya nyumbani ambayo ingekuingizia fedha, lakini huiuzi? Kwa nini?" Nimelisoma nikacheka peke yangu, maana swali hilo naulizwa humu humu ndani, na mwanangu wa kiume ndiye kinara. Akinikuta nimeshika sindano ya kroshia, neno ni moja tu: "Mama, hiyo ni fursa." Siku hizi hata ukikohoa, mtu atakwambia kikohozi nacho ni fursa.

Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga, huku ambako mtu akikuuliza unakaa wapi unamtajia namba ya barabara. Uwani kwangu si pakubwa. Kuna kitalu cha mchicha na matembele, kinachonyweshwa maji ya kuoshea mchele na mboga. Kuna mchaichai, mrehani kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, mkomamanga mkaidi unaotoa maua usizae, na asumini iliyopanda ukuta wa jikoni. Ndani kuna kapu la nyuzi.

Nianze na mchicha, maana huo nauza na sioni haya. Ukiupa maji na samadi ya mbuzi, wiki tatu nne tayari unakudai uvunwe. Nyumba moja itakula mchicha mara ngapi? Watoto wa jirani wanakuja na sarafu, wanaondoka na fungu, tumemalizana. Kabichi na karoti sizihangaikii. Joto letu la pwani kabichi haifungi ikaeleweka, na magari yanashusha nzuri tu kutoka Lushoto, tunanunua kama watu wengine.

Asumini ndiyo siuzi, na wanaoitaka hawajui kazi yake. Asumini haichumwi asubuhi. Huchumwa alasiri, ua likiwa bado tumba, limefumba, gumu kidogo ukilibinya. Ukichelewa mpaka magharibi limeshaanza kufunguka, na ukilitunga linachanika. Unashika sindano nyembamba na uzi mweupe, unapitisha kwenye kikonyo, tumba moja linaelekea huku, jingine kule, mpaka koja litimie. Halafu unalifunga ndani ya jani la mgomba lililoloweshwa maji. Bi harusi akivishwa baada ya isha, maua yanafunguka yakiwa kichwani mwake, na kila aliyemo chumbani anajua yamefunguka. Kesho yake asubuhi yamegeuka rangi ya chai. Sasa bidhaa hiyo utaiweka duka gani? Mnunuzi akighairi saa kumi na moja jioni, umebaki nayo mkononi.

Lakini hata ingekuwa inadumu, nisingeuza. Huku kwetu mtu hapandi asumini kwa ajili yake mwenyewe. Inapandwa kwa ajili ya shughuli za watu. Wanaomsinga bi harusi wakija kuomba mrehani na maua ya kutia kwenye singo, yaani mchanganyiko wa manukato wa kumsugulia mwili, hawaulizi bei, wanauliza umwagiliwe lini ili wasichume majani makavu. Liwa watanunua, karafuu watanunua, ila vya uwani huombwa. Kikuba nacho ni hivyo hivyo: huyu ana mrehani, yule ana waridi, wa mtaa wa tatu ana mkadi, vinakutana kwenye uzi mmoja na kubanwa kifuani kwa pini. Ukianza kutoza, inabidi kila mmoja atoze, na kikuba kitakuwa na hesabu ndefu kuliko mahari.

Kwenye kufuma najua ndiko mnakotaka nifike. Mama yangu alijifunza shuleni miaka ya sabini, kwenye kipindi cha sayansi kimu. Ilikuwa ndiyo enzi ya Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ile ya mwaka 1967, kwa hiyo asubuhi jembe kwenye bustani ya shule, mchana sindano. Alikuwa akisema bustani aliichukia, sindano ikamuokoa. Mimi aliniketisha ukumbini na kijiti changu na uzi wa pamba, nikafuma mnyororo mrefu usio na faida yoyote, akaufumua wote, akaniambia anza. Ndiyo ilikuwa namna yao ya kufundisha. Sikuitumia kwa wanangu.

Vitambaa vya makochi, wengi wa rika langu mnavijua: vya mgongoni, vya mikononi, cha meza katikati, na kimoja kidogo kilichokuwa kikifunika redio, siku hizi hakina kazi. Mimi napenda mtindo wa nanasi, unaanza kwa umbo pana na kupungua mistari kwa mistari mpaka unafunga kwa kitanzi kimoja. Kufuma kwenyewe hakuchoshi. Kinachochosha ni kukitia wanga. Unapika uji wa unga wa muhogo, mwepesi kiasi cha kuchujika, unauacha upoe, unakizamisha kitambaa na kukikamua kwa viganja bila kukisokota. Kisha unakitandaza juu ya godoro lenye shuka safi na kubana kila ncha kwa pini, huku ukivuta kidogo kidogo ncha inayotazamana nayo. Ncha iliyopinda hapo ikikauka imepinda. Mende nao wanaupenda uji huo kuliko watoto, kwa hiyo kwenye droo tia karafuu.

Niliwahi kujaribu kuuza seti moja, nisiseme sikujaribu. Mama aliyeniagiza alikuja, akaishika, akaisifu, akasema dukani vipo vya mashine kwa bei ya soda chache. Ni kweli, vipo. Sikumlaumu. Mashine haipiki, haisimamishwi na mgeni, haina mtoto mwenye homa. Ukishaweka bei utashindana nayo, na utashindwa. Ile seti nikampelekea binti wa shoga yangu alipoolewa, na mpaka leo nikienda kwake anaitandaza kabla sijavua viatu, jambo ambalo linaniudhi kidogo, maana najua nikitoka inakunjwa.

Kuna na sweta za watoto wachanga. Mtu wa Lushoto atauliza, Tanga na sweta wapi na wapi? Yeye kule milimani anaihitaji kweli. Huku ni seti ya kofia, soksi na sweta ya kumpokelea mtoto, na mabibi hawataki kusikia mtoto yuko ndani ya arobaini kichwa wazi. Miezi ya kipupwe, Juni mpaka Agosti, kusi ikivuma, naelewa. Mwezi wa pili kwa joto letu ni kumtesa kiumbe wa Mungu, anatoka vipele shingo nzima. Mimi nafuma, napeleka, halafu namnong'oneza mzazi: mvisheni apigwe picha, bibi aridhike, mvueni. Siku hizi nimeanza kutumia uzi wa pamba badala ya zile nyuzi tunazoziita sufu ambazo nyingi ni plastiki tupu.

Msidhani ni mambo ya wanawake peke yao. Mjomba wangu alishona kofia za mkono barazani, zile za vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kinatobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi pembeni, ndiyo maana kichwa hakichemki. Yeye aliuza, na aliishi kwa kazi hiyo. Ila kofia za kaka zangu za siku ya ndoa hakupokea senti, na aliyejaribu kumpa alitukanwa kwa adabu.

Mama mmoja wa maendeleo ya jamii alitukusanya akatueleza kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, na wifi yangu na wenzake wa mashuka ya kudarizi nawahimiza waufuate, kwa sababu wao ndiyo kazi yao, wana oda kwenye simu na wana wateja mpaka Dar. Aliponigeukia mimi akaniuliza, "Na wewe mama yangu, asumini yako na vitambaa?" nilimjibu kuwa msiba ulipotufika sikuhangaika kutafuta mikeka. Kabla maiti haijaoshwa, mikeka ya ukindu ilikuwa imeshaletwa uwani kutoka kila nyumba, mingine sijui mpaka leo ni ya nani, na hakuna aliyekuja na kitabu cha risiti. Wengi wa walioileta walikwishapata kwangu koja, au kofia ya mtoto, au mrehani wa kusingia. Nikiviuza hivyo, tunakuwa tumelipana na kuachana pale pale. Akacheka, akaandika kitu kwenye daftari lake, akahamia kwa mwingine.

Mwanangu bado hajakubali. Ana hesabu zake kwenye simu za koja moja mara harusi za wikendi, na hesabu ni sahihi, simbishii. Namwambia tu kwamba siku yake ikifika atamvisha mkewe koja la nani, la dukani?

Msomaji wa jirani anayetaka asumini aje masika ikishaanza. Nitamkatia tawi lililokomaa, la urefu wa shubiri, atalichomeka kwenye udongo wenye mchanga, kivulini, na asilinyweshe kupita kiasi. Aje na kopo lake, yangu yana mrehani.

Msomaji, Ngamiani, Tanga