Kabla Hujaitukana Antibodi Yako

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili kaniandikia: "Kaka, nimeuziwa antibodi feki. Utando mweupe pe!" (Antibodi ni protini inayonasa protini unayoitafuta; ikiipata kwenye utando uliobeba protini za seli, mstari hutokea.) Nikacheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo niliwahi kumwandikia muuzaji mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Nilikuwa natafuta p53, protini inayozuia seli isigeuke saratani. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi protini yenyewe hurundikana ndani ya uvimbe, ndiyo maana wanapatholojia huipima kwenye vinyama. Antibodi yangu ilikuwa DO-7: kichupa kidogo, bei ya kutoa machozi, tena kilikaa forodhani mpaka barafu ikayeyuka. Basi mshtakiwa nikawa naye tayari. Miezi mitatu nilibadilisha kila kitu, maziwa ya kuzibia utando, muda wa kulaza, hata maji. Weupe ule ule. Kwenye kikao cha maabara msimamizi akaniuliza mbele ya wadogo zangu, "Kontroli yako chanya ni seli gani?" Yaani seli ninazojua kwa hakika zina p53. Nikajibu kwa kifua mbele: HeLa. Akatabasamu tu. Lile tabasamu bado linaniuma.

HeLa zilitoka kwenye saratani ya shingo ya kizazi ya Henrietta Lacks, Baltimore, mwaka 1951, na ndani yake mna kirusi cha HPV aina ya 18. Protini moja ya kirusi hicho, E6, huikamata p53 na kuipeleka ikasagwe. Yaani nilikuwa namtafuta marehemu nyumbani kwa muuaji wake, halafu namlaumu mbwa wa polisi.

Nikaomba seli za A431, ambazo p53 yake ina kasoro na imejaa tele, na za H1299, ambazo hazina kabisa. Siku mbili tu! Huku mstari mnene karibu na kilodaltoni 53, kipimo cha uzito wa protini, kule patupu. (Namba yenyewe ni ya uongo: protini hii ina kama kilodaltoni 44, ila kwenye jeli ya kutenganisha protini hujikokota, ikaonekana nzito zaidi.) Picha ile niliibandika mlangoni, msimamizi aione kila akipita.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kontroli kwanza. Kabla hujaagiza, jua seli ipi inayo na ipi haina. Kontroli! Mnasoma kibandiko cha kichupa kama msahafu, seli mnayoilisha kila siku hamjui historia yake.

Mdogo wangu nimemuuliza katumia seli gani. Tiki mbili za bluu, kimya.