Kabla Hujachukua Fomu: Kwa Wanaoanza Siasa za Mtaa Tanga

Kama una nia ya kugombea uenyekiti wa mtaa au udiwani hapa Tanga, kikao chako cha kwanza kiwe sebuleni kwako, na wajumbe wake wawe mume au mke, watoto waliokwisha kupata akili, na mama mkwe kama mnakaa naye. Ofisi ya chama itafuata. Nimewapigia debe wagombea wengine, baadaye nikagombea mwenyewe, huku nikiwa na nyumba, watoto na biashara ya mboga. Nyumba nilizoziona zikiyumba hazikuyumbishwa na kushindwa. Ziliyumba kwa sababu hakuna aliyeambiwa mapema mambo yatakuwaje.

Anza na kalenda. Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulifanyika Novemba 27, 2024, na kampeni zilikuwa za siku 7 tu, Novemba 20 hadi 26. Anayeanza akisikia siku 7 anawaambia wa nyumbani wavumilie wiki moja. Si kweli. Kabla ya hapo kuna kura za maoni ndani ya chama, kuchukua fomu na kuirudisha, uteuzi, mapingamizi. Tena kuna uandikishaji, ambao mwaka ule ulikuwa Oktoba 11 hadi 20, na kwangu mimi hizo ndizo siku nzito kuliko zote. Orodha ya wapiga kura wa mtaa si lile daftari la kudumu la tume ya uchaguzi. Jirani alikuwa na kadi yake ya mpiga kura imehifadhiwa vizuri kabisa, lakini kama hakujiandikisha mtaani, siku ya kura jina lake halikuwepo. Kwa hiyo unapita nyumba kwa nyumba kukumbusha, mvua za vuli zinanyesha, vichochoro vimejaa maji, na nguo za shule nyumbani hazikauki. Waambie watu wako miezi miwili, ikipungua watafurahi.

Na tazama mitihani. Novemba ni mwezi wa kidato cha nne. Udiwani unakwenda na uchaguzi mkuu, na mwaka 2025 kampeni zake zilianza Agosti 28 hadi Oktoba 28. Katikati yake, Septemba, darasa la saba wakaingia kwenye mtihani. Ukiwa na mtoto wa darasa hilo mwaka huo, tafuta mapema mtu wa kukaa naye jioni: shangazi, kaka mkubwa, mwalimu jirani. Ukikosa kabisa, ushauri wangu ni kwamba usigombee kipindi hicho. Kuwa wakala au meneja wa kampeni wa mwenzako, ujifunze kazi, na mtaa utakukuta kipindi kijacho. Najua wengi hawapendi kuambiwa hivyo.

Sasa saa za siku. Mikutano ya kampeni inaruhusiwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Lakini kazi yenyewe ya siasa za mtaa inaanza jua likizama: wajumbe wanataka kukuona, mawakala wana maswali, wazee wa baraza wanasema hujafika kwao. Ukiwaachia, hutalala. Utaratibu niliouweka mimi ni kwamba kati ya Magharibi na Isha niko nyumbani. Tunakula pamoja, madaftari yanakaguliwa, simu iko kabatini. Baada ya Isha natembelea nyumba moja, isizidi, na saa 4 usiku nimerudi. Niliwaambia watu wangu waziwazi, na waliolalamika walikuwa wachache, maana na wao saa hiyo wanakula. Ngamiani nyumba zimepakana, barabara ya kwanza hadi ya ishirini na moja watu wanajua umetoka saa ngapi na umerudi saa ngapi. Mzee anayejua kwamba jioni unapatikana kwako na wanao atakusikiliza vizuri zaidi unapomfuata asubuhi.

Hapa niseme na wanawake wenzangu. Maneno yatakuja. Mumeo ataambiwa kwenye kahawa kwamba mkewe anazurura na wanaume usiku. Ni uonevu, maana mgombea mwanamume haulizwi hivyo, lakini jiandae nayo. Usitembee peke yako. Chukua mama mmoja wa makamo anayeheshimika mtaani, umfanye mwenzako wa safari zote za jioni. Anakulinda na maneno, anakulinda na njiani pia. Na mumeo umpe ratiba ya siku kabla hujatoka, ili akichokozwa barazani awe na jibu: "Yuko kwa Bi fulani, nimemwacha hapo mwenyewe."

Nanyi wanaume, ndugu zangu, mke si jiko la kampeni. Nimeona mgombea anarudi na kundi la vijana saa 8 mchana, hajatoa hodi ya maana, anauliza chakula kiko wapi. Mwanamke yule tangu alfajiri ametoka kuchota maji, kupeleka mtoto hospitali ya Bombo, kufunga mihogo ya biashara, na hajaachiwa hata elfu kumi. Kama timu yako itakula, weka fedha ya chakula pembeni, tafuta mama lishe, mlipe. Mkeo akitaka kusaidia kampeni, mpe kazi ya kampeni: ana majirani na wenzake wa vikoba ambao wewe hutawafikia kamwe.

Fedha zenyewe zinahitaji uwazi mkubwa. Utaombwa nauli, vocha, hela ya soda, mchango wa jezi. Takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura, ilikuwa imeruhusiwa kisheria hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inamtaka mgombea wa udiwani aeleze alichopata na alichotumia. Mazoea hayajaisha. Kaeni nyumbani mtaje kiasi ambacho mko tayari kukipoteza, kiandikwe, na ada ya shule, kodi na pesa ya upatu visiguswe. Uenyekiti wa mtaa hauna mshahara wa kurudishia deni. Tanga mjini ni tambarare, kata nyingi unazimaliza kwa baiskeli. Usikubali kushawishiwa kwamba bila gari la kukodi huonekani.

Msibani nenda kama jirani. Beba sufuria, kaa mkekani, usishike kipaza sauti. Zikigongana hitima mbili siku moja, gawaneni: mmoja aende Makorora, mwingine Mabawa, familia imefika.

Watoto wasibandike mabango wala kubishana shuleni. Wakichokozwa, waseme tu: "Kamuulize mama." Lile kundi la WhatsApp la kampeni mpe kijana mmoja unayemwamini alisimamie, maana ukikaa kulijibu wewe usiku kucha, asubuhi huna nguvu ya kugonga milango.

Baada ya matokeo, ukishinda au ukishindwa, nenda kwa mpinzani wako ndani ya siku mbili tatu, mwende na mwenzi wako kama inawezekana. Watoto wenu wanasoma madrasa moja na mtaendelea kupangana foleni moja ya maji. Ukishinda, kubaliana na mtendaji wa mtaa saa za ofisi na muziandike mlangoni, kwa kuwa barua za utambulisho, ugomvi wa mipaka na kesi za ndoa haziishi. Muhuri ulale ofisini. Ukiulaza kwako, saa 11 alfajiri mtu atabisha hodi akitaka barua ya benki, na anayeamka kumfungulia mlango si wewe peke yako.